Kasi ya Kwenye Paketi

Paketi ilisema elfu tatu na mia mbili. Kompyuta ilisema elfu mbili na mia moja na ushei. Mpigapicha aliisogeza paketi karibu na skrini, akasoma tena polepole, kisha akatupa jicho upande wa jikoni kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna anayemwona. Mkewe alikuwa ametoka kuwapeleka pacha shuleni. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, anakunja nguo za wajukuu.

"Mama, hebu njoo uone."

"Nione nini? Mimi na hayo madude wapi na wapi."

"Njoo tu. Soma hapa kwenye paketi. Haya, sasa soma pale."

Bibi alisimama huku amejishika kiuno, akasoma, midomo ikicheza. "Hazifanani."

"Hazifanani! Hii ndiyo kasi tuliyonunua, na hii ndiyo kasi tuliyofungiwa."

Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lao. Yeye alipiga video za harusi, na mkewe, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha, aliketi mbele ya skrini akikata, akiunga, akitia muziki, mpaka harusi ya watu ikageuka kitu cha kutazamwa. Lakini kamera za siku hizi zina picha nzito, na kompyuta ilikuwa imeanza kujikokota kama mgonjwa. Ndipo walipoamua kuiongezea kumbukumbu, vile vijiti ambavyo mafundi huviita ramu. Aliyevinunua na kuvifunga alikuwa mdogo wake Mama Pacha, fundi wa kompyuta ambaye tangu utotoni hakujulikana kwa jina jingine ila Waya. Vijiti viwili vipya alivichomeka kando ya viwili vya zamani, akafunika, akanywa chai, akaenda zake.

"Nani alikwenda dukani kununua?" Bibi aliuliza, ingawa alijua.

"Shemeji."

"Na chenji?"

"Alisema haikubaki."

"Mh," alisema Bibi, akarudi mkekani.

Mh ile ilikuwa na maneno mengi kuliko hotuba. Mpigapicha aliisikia ikizunguka chumbani hata baada ya mama yake kuanza kukunja soksi. Alikumbuka viatu vipya alivyovaa shemeji yake siku ile. Alikumbuka alivyoikataa chai ya pili, kana kwamba ana haraka ya kuondoka. Mambo ambayo juzi hayakuwa na maana yoyote sasa yalijipanga yenyewe, moja nyuma ya jingine, yote yakitazama upande mmoja.

Akachukua simu. Haikumchukua muda kupata kijana mmoja mchangamfu aliyekuwa akifundisha watu kwa video: unabonyeza kitufe fulani wakati kompyuta inawaka, unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, unatafuta mstari wa kumbukumbu, unawasha, unahifadhi. "Hapo umeitoa ramu yako usingizini!" kijana alipiga kelele. Mpigapicha alifuata hatua kwa hatua. Kompyuta ikajizima, ikawaka.

Elfu tatu na mia mbili.

Aliketi akaitazama ile namba. Vijiti vilikuwa vile vile vilivyoandikwa kwenye paketi. Shemeji hakuwa amewauzia mbuzi kwenye gunia. Kwa haki, hapo angemwita mama yake tena, amwambie, "Mama, nilikosea, vitu ni vya kweli." Alifungua mdomo kabisa. Kisha akaona ugumu wa kumweleza kwa nini namba imebadilika, na kwamba ameigusa mashine ambayo mkewe hapendi iguswe, akaufunga. Akaisukuma paketi ndani ya droo. Bibi akabaki na Mh yake.

Video zilikimbia vizuri kwa siku chache. Mama Pacha hata alisifu. "Waya ametufaa," alisema, na mumewe akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa dirishani.

* * *

Kisha skrini ikawa ya bluu.

Ilitokea wakati wa kurenda, ule wakati ambapo mhariri amemaliza kazi yake na sasa anaiachia mashine iipike video nzima na kuitoa ikiwa kitu kimoja. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akijinyoosha mgongo. Kompyuta ilikohoa sauti fulani, ikawa bluu yenye maandishi meupe, ikajizima. Aliwasha, akaanza upya. Ikafika mbali kidogo kuliko mwanzo, ikazima. Alipojaribu tena haikufika hata nusu. Hakukuwa na mpangilio, na hilo ndilo lililomtisha. Kitu kibovu huwa kibovu mahali pamoja, lakini hiki kilikuwa kikichagua.

Video yenyewe haikuwa ya mtu wa kuambiwa "njoo wiki ijayo". Ilikuwa ya nesi mmoja mkuu wa hospitali, mwanamke mrefu asiyeinua sauti, aliyeozesha binti yake. Mumewe alihutubia harusini akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuishi muda mrefu baada ya siku hiyo.

Nesi alikuja mara ya kwanza akaambiwa kompyuta inasumbua. Akasema pole. Akaja mara ya pili, akaambiwa vile vile. Safari ya tatu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake, akaketi kwenye kochi, akaweka mkoba mapajani.

"Nitasubiri," alisema.

"Lakini mama, inaweza kuchukua muda," alisema Mama Pacha.

"Nimezoea kusubiri. Ndiyo kazi yangu." Akamtazama usoni, kisha akamtazama Mpigapicha. "Niambieni tu jambo moja. Mmeipoteza?"

"Hapana! Haki ya Mungu, ipo," Mpigapicha alidakia. "Ipo kwenye diski, salama."

"Nionesheni."

Mama Pacha alifungua diski, akachezesha kipande. Mzee alionekana ameshika kipaza sauti, akafungua kinywa. Mashine ikaganda, mdomo wa mzee ukiwa wazi, uso umekatwa na mistari ya kijani. Kisha bluu. Nesi aliendelea kutazama skrini hata ilipokuwa nyeusi.

"Watu wakificha kitu huwa wanasema hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Kipo, kipo. Nawaona kila siku wodini. Basi nitakuja kila nikitoka kazini, nikae hapa, mpaka nimsikie mume wangu."

Na akafanya hivyo. Kila jioni aliketi kwenye kochi lao. Hakutukana, hakutisha, hakudai chochote. Pacha wakaacha kucheza sebuleni. Bibi akaacha kukoroma kwenye kiti chake. Kula wakawa wanakula jikoni, wamesimama, kama wezi ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Ni huyo mdogo wako," Bibi alimwambia Mama Pacha, sauti chini, wakiwa wameinamia sufuria. "Mimi sisemi kitu. Lakini kabla hajaitia mkono mashine ilikuwa inakwenda."

"Ilikuwa inajikokota, mama."

"Ilikuwa inajikokota inafika. Sasa inakimbia haifiki."

Usiku ule Mama Pacha hakulaumu mtu, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Asubuhi alimpigia mdogo wake simu, akamweleza mambo yote, na mwisho, bila ya kupanga, akajisikia akiuliza: "Niambie ukweli, Waya. Vile vijiti ulivitoa dukani kweli? Havikuwa vya mtu mwingine?"

"Hata wewe, dada?"

"Nauliza tu."

"Nitakuja Jumamosi niitazame," alisema Waya, akakata.

* * *

Mpigapicha hakuisubiri Jumamosi. Siku hiyo hiyo alikwenda katika duka alilofanyia kazi shemeji yake.

Njiani alijiambia anakwenda kuuliza tu. Alikuwa na swali moja dogo lililokuwa likimla ndani kwa ndani: je, kuwasha ule mstari kunaweza kuizimisha mashine? Angeweza kumwuliza fundi yeyote. Lakini alipofika, duka lilikuwa limejaa wateja, Bosi yuko nyuma ya kaunta na miwani kwenye ncha ya pua, na Waya yuko pembeni, ameinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo. Waya aliinua kichwa, akatabasamu. Tabasamu lile lilimkera. Lilikuwa la mtu asiye na kosa.

"Bosi," alisema Mpigapicha, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mnatuuzia ramu zilizotumika?"

Wateja waligeuka.

"Nani amekuuzia?" Bosi aliuliza.

"Huyu hapa. Fundi wako. Tangu afunge vijiti vyake nyumba yangu haina amani. Mteja analala kwenye kochi langu! Paketi inasema hivi, mashine inasema vile. Tumepigwa changa la macho."

"Shemeji," Waya alisema taratibu, "si nilimwambia dada nakuja Jumamosi?"

"Kumbe ni shemeji yako!" mteja mmoja alisema, na watu wakacheka.

Bosi hakucheka. Miezi ile vitu vidogo vidogo vilikuwa vikipotea dukani, leo kidiski, kesho waya wa chaja, na alikuwa amechoka kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni bila ya kujua aliyestahili jicho lenyewe. Akavua miwani. Akautazama mfuko wa Waya uliotundikwa msumarini, akautazama kwa muda mrefu, na kila aliyekuwepo akaona anapotazama.

"Weka bisibisi chini," alisema. "Nenda nyumbani. Jambo hili likijulikana lilivyo, tutaitana."

"Bosi, risiti ya vile vijiti unayo mwenyewe. Ulinikatia wewe."

"Nimesema nenda nyumbani. Usinijibu mbele ya wateja."

Waya aliiweka bisibisi kando ya mashine aliyokuwa akiitengeneza, akaipanga vizuri, ncha ikitazama ukutani. Akachukua mfuko wake. Alipompita Mpigapicha mlangoni hakusema neno. Mpigapicha naye alikwenda nyumbani, na alipoulizwa alikotoka alisema alikwenda kutafuta betri za kamera.

* * *

Jumamosi Waya alikuja mapema. Nesi, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alishafika na kuketi mahali pake. Mama Pacha alikuwa jikoni anaosha vyombo vya chai. Mlango ulifunguliwa na Bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mfukoni mna nini?"

Waya alidhani anataniwa. "Vifaa tu, mama."

"Tuvione. Ulichoingia nacho ndicho utakachotoka nacho. Usinichukie, baba, ni utaratibu tu."

Utaratibu huo ulikuwa umezaliwa dakika ile. Waya alimtafuta shemeji yake kwa macho. Mpigapicha alikuwa anaifuta lenzi ya kamera kwa makini sana. Mama Pacha alitokea mlangoni mwa jikoni, mikono ina povu, akaona yote. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini ulimi ulimganda. Waya alipiga magoti mkekani, akaupindua mfuko wake: bisibisi ndogo ndogo, brashi ya kufutia vumbi, flashi yenye kamba, kitambaa, na nusu ya mkate iliyofungwa kwenye gazeti. Mkate ndio uliomuumiza dada yake. Mdogo wake hakuwahi kuja nyumbani kwake na chakula chake mwenyewe.

"Haya, rudisha," alisema Bibi, akajikohoza.

Waya aliketi mbele ya kompyuta. Hakuifungua. Aliiwasha tu huku akibonyeza kitufe, ukurasa wa mipangilio ukajitokeza, akashuka mpaka kwenye mstari wa kumbukumbu. Akasimama hapo.

"Nani ameingia humu?"

Akamgeukia Mama Pacha.

"Dada, siku ile nilikwambia. Nikasema bodi ya mashine hii ni ya zamani, haiwezi kubeba vijiti vinne kwa mbio. Nilijaribu kasi ya kwenye paketi, ikayumba. Kwa hiyo nikaiacha itembee taratibu, kwa makusudi. Nikakwambia msiiguse."

Mama Pacha alijifuta mikono kwenye kanga. Ilimrudia, nusu nusu: pacha mmoja analia sabuni imemwingia machoni, Waya anaongea kutoka sebuleni, yeye anaitikia sawa, sawa, bila ya kusikia. "Uliniambia," alisema. "Niliitikia tu. Sikumwambia mtu."

"Basi mtu ameipandisha."

"Huenda ni umeme," alisema Mpigapicha. Lenzi ilikuwa inang'aa lakini bado anaifuta. "Juzi si ulikatika? Labda ulipokatika ukavuruga mambo."

"Shemeji, umeme ukivuruga, mashine hujisahau, inarudi chini kwenye kasi ndogo. Haipandi yenyewe. Hii imewashwa na mtu, akahifadhi."

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nimeuliza."

Nesi alikohoa. Wote walikuwa wamesahau kwamba yupo.

"Mnisamehe, si nyumba yangu," alisema. "Lakini kule kwetu mgonjwa akizidiwa ghafla hatuanzi kulaumiana. Tunauliza kwanza, nani alimhudumia mwisho? Mtu anasema, mimi, nilimpa hiki na hiki. Basi. Mgonjwa anatibiwa."

"Waya ndiye aliyemhudumia mwisho," alisema Bibi, na kidole akakinyoosha. "Tangu atie mkono yeye, hakuna mwingine. Mwanangu hapa aliitazama tu. Siku ile uliponionesha paketi, si ulikuwa umeitazama tu, baba? Ukakaa hapo na simu yako unamwigiza yule kijana anayepiga kelele, ikazima ikawaka, lakini..."

Kidole cha Bibi kilikuwa bado kimenyooka, kikaanza kushuka chenyewe, kikatua kwenye kanga yake.

Mama Pacha aligeuka kumtazama mumewe. Mpigapicha aliiweka kamera juu ya meza.

"Nilitaka tu ifanane na paketi," alisema.

"Ulidhani nimewaibia," alisema Waya.

"Niliona namba hazifanani. Mtu yeyote..."

"Ungeniuliza. Namba hiyo kila mteja huniuliza. Namjibu, tunacheka, anaondoka."

Waya aligeukia skrini akaanza kazi, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao kwa mashine za watu asiowajua. Akaishusha kasi. Akachomeka flashi, akaanzisha jaribio linalopitia kila pembe ya kumbukumbu, likiandika na kusoma, likiandika na kusoma. Alipotaka kujua kama inaweza kubeba zaidi kidogo, akapandisha hatua moja. Mistari myekundu ya makosa ikaanza kujipanga. Akaongeza umeme wa vijiti chembe tu, akaanza upya. Mistari ikapungua lakini haikwisha. Akarudisha umeme ulipokuwa, akashuka chini tena, na safari hii ukurasa ukabaki mweupe, asubuhi ikawa mchana, mchana ukaanza kuinama, bado mweupe.

"Kwa hiyo si mbovu?" Nesi aliuliza.

"Si mbovu, mama. Ilikuwa inakimbizwa tu."

Bibi alimletea chai, kikombe kizuri kile cha wageni. "Kunywa, mwanangu."

"Nimeshiba, mama. Asante." Na mkate wake ulikuwa bado haujaguswa ndani ya gazeti.

Alipoanza kukusanya vifaa, dada yake alimfuata mpaka mlangoni. Alitaka kusema mengi, likatoka dogo. "Pole kwa kukupotezea Jumamosi. Jumatatu usije ukachelewa kazini kwa uchovu."

"Kazini wapi?"

"Dukani kwako."

Waya alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Alipoona hajui, uso wake ukalegea kidogo, labda kwa nafuu, labda kwa huruma. "Muulize shemeji," alisema.

* * *

Kurenda kulianza jua likielekea kuzama na kukaisha bila ya mashine kukohoa. Mama Pacha alikagua vipande vya siku za matatizo kimoja kimoja. Kile cha mistari ya kijani alikivuta upya kutoka kwenye diski, kikatoka safi. Kisha akamwachia Nesi kiti chake.

Mzee alionekana, koti limempwaya mabegani, mkono umekishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika usukani. Alikohoa. "Mama wa bibi harusi aliniambia niseme maneno machache," alisema. "Miaka yote hii tangu anioe, hajawahi kuniachia niseme mengi." Watu wa harusini wakacheka. "Ndiyo, yeye ndiye aliyenioa. Siku ya harusi yetu alichelewa, alikuwa zamu. Nikakaa na mashehe na wajomba, nimevaa vizuri, nikadhani nimekataliwa..."

"Ongeza sauti," alisema Nesi.

Mama Pacha akaongeza. Nesi alicheka, kicheko kifupi, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akauacha mkono pale pale. Alitazama mpaka mwisho, akaomba irudishwe, akatazama tena. Alipoondoka na flashi yake kwenye mkoba, alimpa Mama Pacha mkono. Mpigapicha alinyoosha wake pia. Nesi aliutazama, akaupokea, lakini aliachia upesi.

"Yule fundi," alimwambia. "Usimwache hivyo."

Mlango ulipofungwa Mama Pacha alibaki amesimama.

"Waya amefukuzwa kazi?"

"Amesimamishwa tu. Bosi wake..."

"Nani alimwambia Bosi wake?"

Mpigapicha alikaa kwenye kochi, mahali pa Nesi, akaona panamchoma, akahama.

"Ulisema unatafuta betri," alisema mkewe. Hakupandisha sauti. Pacha walikuwa wanasikiliza nyuma ya pazia, na Bibi, chumbani kwake, alikuwa anajifanya amelala. "Jumatatu tunakwenda dukani. Wewe na mimi."

"Nitakwenda mwenyewe. Mambo ya wanaume..."

"Mwenyewe ulishakwenda."

* * *

Bosi aliwasikiliza akiwa ameegemea kaunta. Duka halikuwa limejaa kama siku ile, lakini watu walikuwepo: mwanafunzi na kompyuta yake ya mapajani, mwanamke anayetaka wino wa printa, na mzee mmoja aliyekuja kuuliza tu. Pembeni, kwenye meza ya Waya, tayari kulikuwa na kijana mwingine, ameinama. Bisibisi alizishika ovyo.

"Kwa hiyo unasema ramu zilikuwa nzima," alisema Bosi.

"Zilikuwa nzima," Mpigapicha alinong'ona.

"Na kasi uliigusa wewe."

"Ndiyo."

"Siku ile ulisema kwa sauti. Wateja wangu walisikia, mwingine hajarudi tena mpaka leo. Sema kwa sauti ile ile."

Mpigapicha alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama picha ya kompyuta iliyobandikwa ukutani, ameikazia macho, na hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyegusa mipangilio," alisema. "Fundi hakuwa na kosa."

"Sikusikia," alisema Bosi.

"Fundi hakuwa na kosa! Mimi ndiye niliyeharibu, nikaja kumsingizia."

Mwanafunzi aliinua macho, akayashusha. Mzee aliyekuja kuuliza tu alitikisa kichwa, haikujulikana kwa kuridhika au kwa kusikitika. Bosi alivuta pumzi. Mtu akimtazama vizuri angeona kwamba yeye mwenyewe hakuwa anafurahi sana. Vitu vilikuwa bado vinapotea dukani, hata baada ya Waya kuondoka, na alijua maana yake.

"Mpigie," alimwambia Mama Pacha. "Mwambie arudi kesho. Huyu kijana nitampangia kazi nyingine."

Mama Pacha alipiga, akaweka simu juu ya kaunta ili wote wasikie.

"Dada."

"Niko kwa Bosi wako. Shemeji yako amesema ukweli mbele ya watu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Bosi anasema urudi kesho."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mtaani, mtu anapiga nyundo, mtu anacheka.

"Mwambie Bosi nashukuru," alisema Waya. "Siji."

"Waya!" Bosi aliinamia simu. "Mwanangu, yameshakwisha haya."

"Yamekwisha, Bosi, ndiyo. Sina kinyongo. Lakini nikirudi, siku flashi ikipotea nitakuwa najiuliza unatazama wapi. Sitaweza kufanya kazi nikiwa nakutazama unapotazama."

Bosi alisimama wima, akaanza kupanga waya zilizokuwa zimeshapangwa.

"Utafanya nini sasa?" dada yake aliuliza.

"Kuna rafiki yangu amenipa nusu ya meza. Nimeanza leo. Nimeshapata mteja mmoja, printa yake inakula karatasi."

"Na nyumbani? Utakuja nyumbani?"

Nyundo ilipiga, ikapiga tena.

"Kwako nitakuja, dada. Nitapiga kwanza niulize kama yupo."

Simu ilikatika. Hakuna aliyemtazama Mpigapicha, na hiyo ikawa mbaya kuliko kama wangemtazama wote.

Walitoka. Jua lilikuwa kali, barabara ina vumbi na pikipiki. Mpigapicha alisema, "Atapoa tu. Ni hasira ya siku mbili."

"Hana hasira," alisema Mama Pacha. "Umemsikia. Hana hasira kabisa."

"Twende nyumbani basi. Kuna ile harusi nyingine haijaguswa."

"Wewe nenda. Mimi nakwenda kwa mdogo wangu."

"Utarudi saa ngapi?"

Aliuliza kama mume yeyote anavyouliza, pengine kwa sababu ya chakula, pengine kwa ajili ya watoto. Lakini katika nyumba yao haikuwa rahisi tena kujua swali lipi ni swali na lipi ni kuchunguzana. Mama Pacha alifikiria kumjibu, akaona kila jibu litasikika kama la mtu anayejitetea. Alijitanda kanga vizuri, akasubiri pikipiki zipite, akavuka barabara bila ya kugeuka nyuma.

Mpigapicha alibaki mlangoni mwa duka mpaka mwanafunzi mwenye kompyuta ya mapajani akamgusa bega kutoka nyuma.

"Samahani, mzee. Unaingia au unatoka?"

Akasogea pembeni, akampisha.